Msimu wa kuchipua: mpe mtoto kazi ya kweli

Msimu wa mimea kuchipua, uwe umeletwa na mvua baada ya kiangazi au na joto baada ya baridi, huwakuta wazazi wanaoishi mashambani katika hali moja: kazi zimerundikana, na watoto wadogo hawataki kukaa ndani. Ukiwafungia, nyumba nzima ni vilio. Ukiwaacha wakufuate nyuma bila la kufanya, watang'oa ulichopanda jana. Nimelea watoto watatu shambani, na ushauri wangu mkubwa ni huu: mpe mtoto kazi ya kweli, ile ambayo asipoifanya pengo litaonekana.

Kazi ya kuigiza anaitambua haraka. Mpe kijiko achezee udongo pembeni, na kitambo kidogo tu atakuwa ameshika jembe lako. Lakini mwambie kuwa mstari huu wa maharage ni wake tangu kupanda hadi kuvuna, kisha mtazame anavyobadilika. Wa miaka mitatu anaweza kudondosha mbegu shimoni. Wa miaka mitano anaweza kuchimba shimo lenyewe ukimwonyesha kina, kwa kawaida mara mbili au tatu ya unene wa mbegu. Chagua mbegu kubwa ambazo vidole vidogo vinaweza kuzishika, tena zinazoota upesi. Maharage na alizeti, udongo ukiwa na joto na unyevu, huchomoza ndani ya wiki moja au mbili. Karoti na pilipili hukawia, na mtoto atafukua kuangalia kama bado zipo.

Hata maharage atafukua. Dawa yake ni kumwekea mbegu chache ndani ya glasi, zikiwa zimebanwa kati ya ukuta wa glasi na kitambaa kilicholowa, ili auone mzizi ukishuka kabla jani halijapanda. Akishayaona hayo pale dirishani, mstari wa shambani unapona. Wa kumwagilia naye apewe kopo dogo lenye matundu, kwa sababu ndoo itamiminwa yote juu ya mche mmoja.

Kazi zitachelewa, hilo lijue mapema. Mimi kazi nzito nazimaliza alfajiri kabla hawajaamka, na saa ninayokuwa nao naihesabu kuwa yao, si ya shamba. Tangu nilipoanza kuipanga siku hivyo, hasira zilipungua sana, zangu kuliko zao.

Kama una kuku anayeatamia, una darasa la siku 21. Weka alama ukutani kila jioni pamoja na mtoto. Kwa wengi hapo ndipo kuhesabu kunapoanza kuwa na maana. Baada ya wiki moja hivi, usiku, chukua yai moja kwa upole na ulimulike kwa tochi gizani: utaona mishipa myembamba ya damu imetanda ndani. Fanya haraka, ulirudishe likiwa bado na joto. Vifaranga wakishatoka, sheria ni moja na haina mjadala. Kuwashika ni ruhusa, kuwabusu ni marufuku, na mikono inaoshwa kwa sabuni kwa sekunde 20. Kifaranga anayeonekana mzima kabisa anaweza kubeba vimelea vya salmonela, na watoto wa chini ya miaka mitano ndio huugua vibaya zaidi.

Tope liache. Nguo hufuliwa, mtoto huoga, na anachojifunza akipapasa dimbwi kwa kijiti huwezi kumpa kwa njia nyingine. Hakikisha tu amevaa viatu vilivyofungwa, maana kwenye maeneo ya joto udongo uliochafuliwa na kinyesi huwa na viluwiluwi vya minyoo ya safura, ambavyo hupenya ngozi ya mguu. Chanjo ya pepopunda nayo isipitwe na wakati. Ninayepigana naye si tope. Nguvu za kukataza ni chache, na mtoto anayesikia "acha" kutwa nzima huacha kulisikia neno hilo. Mimi nimeliwekea akiba kwa mambo mawili, maji na sumu.

Maji kwanza. Msimu huu mapipa yamejaa, mashimo yamejaa, na mtoto wa mwaka mmoja au miwili anaweza kuzama katika maji ya kina cha sentimita 5. Kichwa chake ni kizito ukilinganisha na mwili wake, kwa hiyo akiinama juu ya ndoo na kutumbukia, hana nguvu za kujiinua. Wala hapigi kelele. Kuzama huwa kimya, na dakika chache zinatosha. Funika pipa kwa kitu asichoweza kukisogeza, kisima kiwe na mfuniko, ndoo ya kufulia imwagwe mara kazi ikiisha. Mkiwa watu wazima wengi, mmoja aambiwe kwa sauti kwamba sasa ni zamu yake, kwani penye wengi kila mtu hudhani mwenzake anaangalia. Na hapa pia kuna kazi ya kweli: mara moja kila wiki, zunguka na mtoto mkapindue kila kopo lililoshika maji. Yai la mbu huweza kufikia kuwa mbu kamili kwa muda wa wiki moja hadi mbili, kwa hiyo ziara hiyo inakata mzunguko huo.

Sumu ni dawa za kunyunyizia mimea. Zikae kwenye vyombo vyake, kabatini, kwa kufuli. Kamwe zisihamishiwe kwenye chupa ya soda, hata kwa siku moja. Shamba lililopuliziwa lisikanyagwe na mtoto hadi muda ulioandikwa kwenye lebo uishe. Tazama pia mbegu za mbarika: zina madoa ya kupendeza, watoto huziokota kwa ushanga, na zikitafunwa zinaweza kuua.

Kuna jambo la mwisho ambalo wazazi wengi hulikwepa. Ukimpa mtoto kazi ya kweli, ataona na matokeo ya kweli: mche utaliwa na konokono, kifaranga atafia usiku. Usimbadilishie kifaranga kwa siri. Usimwambie amelala pia, maana mtoto akisikia hivyo anaweza kuogopa usingizi wake mwenyewe. Mwambie amekufa, mwili wake umeacha kufanya kazi, hasikii baridi wala maumivu. Atauliza tena kesho, na keshokutwa, maneno yale yale. Mjibu vile vile kila mara, bila kuchoka, mpaka mwenyewe aache kuuliza.