Kadi ya laki nane na nusu: kabla hujanunua kadi ya faiba ya ruta, nisikilize

Jumatatu iliyopita nilipata ujumbe kutoka kwa mwalimu kijana wa Moshi. Anafundisha kompyuta kwenye sekondari moja ya binafsi, na kama mnavyojua shule zetu, mwalimu wa kompyuta ndiye fundi wa kila kitu chenye waya. Aliandika hivi: "Shikamoo kaka. Shule imepewa ruta ya Cisco na wafadhili. Kampuni ya intaneti inavuta faiba, na wamesema nitafute kadi ya faiba ya kuweka kwenye ruta. Kuna jamaa Kariakoo anayo, anataka laki sita. Mkuu wa shule anasubiri jibu langu. Ninunue?"

Ujumbe ule ulinikuta nimepanga foleni benki, hapa Arusha, pale karibu na Mnara wa Saa. Nilitoka kwenye foleni nikamjibu neno moja: "Usilipe." Nikarudi ofisini nikaanza kuandika haya, maana swali lake ndilo ambalo mimi nilipaswa kumuuliza mtu mwaka 2017 na sikuuliza.

Mwaka ule nilikuwa nimeacha kazi ya kuajiriwa. Nilikuwa na chumba kimoja Ngarenaro, meza, ngazi na boksi la vifaa. Nilifunga kamera, nilivuta waya za mtandao, nilifufua kompyuta za watu. Ndoto yangu unaijua, kwa sababu kama unasoma hapa na wewe unayo: kutoka kwenye kamera za maduka na kuwa mtu wa mitandao ya maana, mtu anayeitwa na hoteli na hospitali. Nafasi ikaja. Hoteli moja ya watalii njia ya Usa River ilikuwa imenunua ruta mpya ya Cisco ISR 4331, na faiba ilikuwa imeshafika kwenye chumba cha mitambo. Walitaka mtu wa kuunganisha, na kazi ikienda vizuri anapewa mkataba wa matunzo wa mwaka mzima.

Meneja alinipigia simu akaniuliza nitahitaji nini. Hapo ndipo nilipojiumiza. Badala ya kusema "naomba nije niione kwanza", nilijibu papo hapo ili nionekane mjuzi. Nikasema inahitajika kadi ya faiba. Nikatoa bei kwenye simu. Advansi ikaingia jioni ileile.

Nilimpata muuzaji Dar es Salaam nikamwambia nataka kadi ya faiba ya Cisco, ya giga moja, yaani kasi ya gigabiti moja kwa sekunde. Akasema ipo, orijino, laki nane na nusu pamoja na moduli yake ya SFP, kile kipande kidogo kinachochomekwa kwenye tundu lake ili kupokea na kutuma mwanga wa faiba. Advansi haikutosha, nikajazia na hela niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya ada ya mwanangu. Sikumtajia modeli ya ruta, na yeye hakuniuliza. Kadi ikapanda basi, ikafika asubuhi, imeandikwa EHWIC-1GE-SFP-CU. Niliishika kama mtoto mchanga.

Siku ya kazi nilifungua kifuniko cha sloti, yaani nafasi ya kuingizia kadi, nyuma ya ruta, meneja amesimama mlangoni na mhasibu wake. Nikasukuma kadi. Haikuingia. Nikaitoa, nikaigeuza, nikajaribu sloti ya pili. Haikuingia. Jasho lilikuwa linanitoka, na chumba kile kina kiyoyozi.

Sasa nieleze, maana siku ile sikuwa na wa kunieleza. Cisco wana vizazi vya ruta za ofisi, na kila kizazi kina sloti zake. Ruta za mwaka 2009 na kuendelea, yaani 1900, 2900 na 3900, zina sloti za EHWIC. Sloti hizo zinapokea pia kadi za zamani za HWIC. Kizazi kilichofuata, ISR 4000, ambacho 4331 ni mmoja wao, kina sloti za NIM. NIM haipokei EHWIC. Umbo lake ni tofauti, konekta yake ya ndani ni tofauti, na hakuna adapta ya kuzipatanisha. Kwa 4331 kadi sahihi ingekuwa NIM-1GE-CU-SFP, au NIM-2GE-CU-SFP kama unataka poti mbili. Herufi tano za mwanzo wa jina la kadi ndizo zilizonila laki nane na nusu.

Lakini lililoniuma zaidi halikuwa hilo. Nilimwomba meneja siku tatu niagize kadi nyingine. Akakubali kwa shingo upande. Siku ya pili akanipigia kwamba nisihangaike, wamepata fundi mwingine na intaneti inawaka. Niliendesha mpaka kule kuchukua vifaa vyangu, nikaangalia nyuma ya ruta. Fundi yule hakuweka kadi yoyote. ISR 4331 inatoka kiwandani na poti tatu za giga moja mwilini mwake: moja inapokea RJ45 (plagi ya waya wa kawaida wa mtandao) au SFP, nyingine ni ya RJ45 peke yake, na ya tatu ni ya SFP peke yake. Alichomeka moduli ya SFP kwenye ile ya tatu, GigabitEthernet0/0/2, akaweka anwani za mtandao, akaondoka. Tundu lilikuwepo siku zote, limezibwa na kizibo cha vumbi. Nilisimama mbele yake saa nzima na kadi mkononi, sikuliona kwa sababu nilikuwa natafuta pa kuweka kadi.

Mkataba wa mwaka alipewa yeye. Sina kinyongo naye, alifanya kazi yake. Lakini kila nikipita Usa River kifua hubana.

Na ujue kwamba hata kama ningeliona lile tundu, bado ningeshindwa. Moduli niliyouziwa ilikuwa GLC-SX-MMD, na faiba ya hoteli ilikuwa ya njano. Faiba ya njano ni ya modi moja, kiini chake kina maikromita 9 tu, na laini ya kawaida ya giga moja ya aina hiyo hutumia mwanga wa nanomita 1310. SX inatoa mwanga wa nanomita 850 na imetengenezwa kwa faiba ya modi nyingi, ile ya rangi ya chungwa au ya samawati, yenye kiini cha maikromita 50 au 62.5, kwa umbali wa mita mia chache ndani ya jengo. Ningehitaji GLC-LH-SMD, ya 1310, inayofika kilomita 10. Kwa macho moduli zote mbili zinafanana, zina matundu mawili ya LC, aina ya konekta ndogo ya faiba, na lebo ndogo. Soma lebo. Nasema tena, soma lebo.

Ndugu zangu, mimi nimejifunza kwa maumivu na ninyi mnaweza kujifunza kwa kusoma. Nenda ukaione ruta kwa macho yako. Kama huwezi kwenda, omba picha ya nyuma yake, picha iliyotulia, na picha ya lebo yenye modeli. Kama ruta inawaka, omba watu wakuandikie jibu la amri ya show inventory, hapo utaona ruta ni ipi, ina kadi gani na ipo kwenye sloti ipi. Kisha fungua datashiti ya kadi unayotaka, yaani karatasi ya sifa zake kutoka kwa mtengenezaji, na utafute jina la ruta yako kwenye orodha ya ruta zinazoikubali. Usipoliona, usinunue. Muuzaji akikuambia "hii inaingia zote", weka simu chini. Angalia pia toleo la IOS, programu inayoendesha ruta, kwa sababu kadi inaweza kuingia vizuri kwenye sloti na ruta isiitambue kwa kuwa programu yake ni ya zamani kuliko kadi.

Watu wengi wakisikia "kadi ya giga moja" wanadhani ruta yao imekuwa ya giga moja. Hapana. Poti ni mlango, na nyumba ina ukubwa wake. Ile 4331 kiwandani imewekewa kikomo cha Mbps 100 (megabiti 100 kwa sekunde), na kwa leseni ya kasi inafika 300. Cisco wenyewe waliiweka 2911 kwenye daraja la laini za Mbps 35 huduma zake zote zikiwa zimewashwa. Ukimwahidi mteja giga moja kwa sababu umeona neno giga kwenye kadi, umemdanganya, na atakuja kukuuliza.

Kuhusu moduli za bei nafuu zisizo na jina la Cisco: zipo nzuri na mimi natumia. Lakini kila SFP ina chipu ya kumbukumbu yenye jina la mtengenezaji, na vifaa vingi vya Cisco vikiisoma na kukuta jina jingine vinakataa kuwasha poti. Kuna amri ya service unsupported-transceiver ambayo kwenye vifaa vingi inalegeza hilo. Isiwe tegemeo lako mbele ya mteja. Ijaribu ofisini kwako kwanza, mlango umefungwa.

Na kabla ya yote, muulize mtoa huduma anakuletea nini. Nimeona mtu Njiro amenunua moduli ya LX, ya modi moja kama ile LH, kwa laini ya GPON. GPON ni mfumo wa faiba moja kugawanywa kwa nyumba nyingi, na mwisho wake panakaa kile kiboksi cha ONT kinachogeuza mwanga kuwa mtandao wa waya. Ukiona konekta ya kijani, SC/APC, inayoingia kwenye kiboksi cha namna hiyo, huhitaji kadi wala moduli, chukua waya wa kawaida wa RJ45 kutoka kwenye kiboksi uingize kwenye ruta. Kama mtoa huduma anakupa uzi mmoja bila ONT, muulize kama ni BX, yaani kutuma na kupokea kwenye uzi huohuo mmoja, kwa sababu hapo moduli zinakwenda kwa jozi: upande mmoja unatuma kwa 1310 na kupokea kwa 1490, mwingine kinyume chake. Mkiweka zinazofanana pande zote mbili, taa haitawaka mpaka kesho. Na mtu asikupe moduli ya ZX ya kilomita 70 kwa laini ya mita mia tano akidhani anakufanyia hisani. Mwanga wake ni mkali mno kwa moduli inayopokea karibu, unaweza kuiharibu usipoweka kipunguza mwanga.

Vijana, heshima ya fundi ipo kwenye swali analouliza kabla ya kushika hela ya mtu. Tunataka kukua, tunataka mikataba, lakini tunaona aibu kusema "ngoja nikaangalie". Hiyo aibu ndiyo inayotufukarisha. Muulize mteja modeli. Muulize muuzaji modeli. Ukishauliza, uliza tena.

Turudi kwa mwalimu wangu. Nilimwomba picha tatu: lebo, nyuma ya ruta, na karatasi ya kampuni ya intaneti. Alinitumia usiku. Ruta yao ni 2911. Ina poti tatu za giga moja, zote RJ45, hakuna SFP hata moja mwilini, na nyuma ina sloti nne za EHWIC zote tupu. Kampuni inaleta nyuzi mbili za modi moja, 1310, konekta za LC. Yaani kwa shule ile kadi inahitajika kweli. Na kadi yenyewe inayohitajika ni EHWIC-1GE-SFP-CU.

Niliamka nikaenda kwenye kabati. Ipo kwenye boksi lake, ndani ya mfuko wake wa kuzuia umeme tuli. Kwa miaka yote hii nimekataa kuiuza, na sijui kwa nini, labda nilitaka iendelee kunitazama. Nilimweleza ukweli kuhusu ruta yao pia, kwamba Cisco walimaliza kuihudumia familia ya 2900 mwishoni mwa 2022, hivyo siku ikifa wasitafute spea, watafute ruta nyingine, na kwamba kwa mzigo wa shule yao wasitegemee maajabu. Alisema mkuu wa shule ameelewa.

Jumatano nimempa kadi kondakta wa Kosta ya Moshi, nimeifunga kwa fulana ili isigongwe, pamoja na GLC-LH-SMD mpya kutoka ofisini kwangu. Bei ya moduli atanilipa. Kadi sijamdai. Nilimwonya azime ruta kabisa na kuchomoa waya wa umeme kabla ya kuingiza kadi, kwa sababu EHWIC haichomekwi ruta ikiwa inawaka, na avae mkanda wa kuzuia umeme tuli, au akikosa aguse kasha la chuma la ruta kwanza.

Alisubiri Jumamosi wanafunzi watoke maabara. Saa tisa alasiri akanitumia picha ya skrini: show inventory, sloti 0, EHWIC-1GE-SFP-CU, na namba ya utambulisho ya kadi (serial number) chini yake. Nilikwenda kutafuta risiti ya 2017 nikalinganisha namba. Ndiyo yenyewe. Taa ya faiba bado haijawaka, mafundi wa kampuni wamesema wanakuja kuunga nyuzi Jumanne.