Mwanao anaimba, hajui kusoma?

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi huku Wete wazima, alhamdulillahi. Juzi kwenye simu ulinilalamikia kwamba mwanao anasoma ukurasa mzima wa juzuu kwa kuimba, lakini ukimwekea kidole kwenye neno la katikati halitambui. Ukauliza, watoto wa zamani nao walisoma hivi hivi?

Hivi hivi. Mtoto alipelekwa chuoni, yaani madrasa ya Kurani, akaketi jamvini na ubao wake. Mwalimu alimwandikia kwa kalamu ya mwanzi na wino wa masizi, naye akakokoteza kwa sauti: alifu fat-ha a, alifu kasra i, alifu dhumma u, ndizo alama za irabu. Akishaweza, ubao unaoshwa, unaandikwa mwingine. Baada ya Alhamdu alianza sura fupi za mwisho, Annas na Alfalaq, akipanda juu. Na wenziwe wote wanapaza sauti pamoja, kila mmoja na ubao wake! Vipi mwalimu alilisikia kosa la mmoja, Mungu ndiye ajuaye, lakini alilisikia, na bakora ikafika.

Kusoma Kiswahili hakukuwa somo. Aliyezijua herufi alijitafutia mwenyewe kwenye barua na tenzi, na kazi ilikuwapo, maana Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, nazo hazina p wala ch, na i na e zote huwa kasra. Wengi waliandika "pata" na "bata" sawasawa. Asiyeyajua maneno kwa sikio, jicho halikumfaa kitu.

Kuandika ndiko walikobania, hasa kwa wasichana. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, sultani wa Zanzibar, alizaliwa Mtoni, Unguja, mwaka 1844, na ameeleza katika kitabu chake cha 1886 kuwa mabinti walifunzwa kusoma tu. Yeye alijifunza kuandika kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1859, kaka yake Barghash alipotaka kumpindua kaka yao Majid aliyekuwa sultani, binti huyo ndiye aliyeandika barua za njama. Nadhani wazee walijua wanachokiogopa.

Basi muache aimbe. Ila jioni mwanzishe katikati ya ukurasa, siyo juu, na asogeze kidole neno kwa neno. Kalamu mpe sasa, na dada yake mdogo naye umpe. Karafuu zikishaanikwa nitavuka kuja Unguja, nimsikilize mwenyewe.

Mamaako