Maswali Yenu: Toyota Alimfundisha Mpinzani Wake Kazi, Yeye Alipata Nini?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mimi ni fundi gereji, juzi kijiweni tumebishana mpaka tukataka kukosana, mwenzangu anasema eti Toyota na GM (General Motors) ya Marekani waliwahi kuwa na kiwanda kimoja na Toyota akawaonyesha wale jamaa kila kitu. Mi nikakataa, nani anampa mshindani wake siri ya kazi? Na kama ni kweli mbona GM alikuja kufilisika? – Fundi, Morogoro

JIBU: Fundi, mnunulie mwenzako soda maana kapatia. Kiwanda kilikuwa Fremont, California, kikaitwa NUMMI, wanamiliki nusu kwa nusu, gari la kwanza likatoka Desemba 1984.

Sasa angalia kila mmoja alikuwa kabanwa wapi. Mafuta yalivyopanda miaka ya 70 Wamarekani walikimbilia vigari vidogo vya Kijapani, viwanda vya kwao vikaanza kupunguza watu, wanasiasa wakapiga kelele, ikabidi mwaka 1981 Japani ikubali kujiwekea kikomo cha kupeleka gari milioni 1.68 tu kwa mwaka. Ukishabanwa hivo inabidi ukatengenezee hukohuko. Honda akafungua Ohio 1982, Nissan akafuata Tennessee 1983, Toyota bado anasitasita, hajui wafanyakazi wa kule na chama chao watamsumbua vipi, hajui watu wa spea wataleta mzigo kwa wakati au la. GM naye alikuwa hawezi kutengeneza gari dogo likamlipa, halafu ana kiwanda kizima Fremont alichokifunga 1982, kimekaa tu.

Na kile kiwanda kilikuwa na sifa mbaya we acha tu, watu wanakunywa pombe kazini, utoro umepita asilimia 20, kesi za wafanyakazi na mameneja haziishi. Hapo ndo pananifurahisha mimi, maana Toyota aliwarudisha kazini wengi wao walewale, na chama chao kilekile, akawapeleka mamia kwa zamu Japani kwenye kiwanda chake cha Takaoka wakajionee, na waliporudi kila mtu akapewa ruhusa ya kuvuta kamba iliyofungwa kando ya laini ya kuunganishia magari akiona kasoro, na laini nzima ikasimama kama haijarekebishwa. Zamani kusimamisha laini ilikuwa ni kujitafutia kufukuzwa, gari lenye kasoro linaachwa lipite likatengenezwe mbele huko. Haukupita muda ubora wa Fremont ukawa unakaribia ule wa Takaoka, na utoro ukashuka mpaka asilimia chache tu.

Swali lako sasa, kwa nini aliwafungulia mlango. Mi naona alijua kabisa kwamba wanachokiona sio chenyewe, ni sawa na mpishi wa pilau kukukaribisha jikoni uangalie, utaona viungo vyote na bado lako litaungua. GM walipeleka mameneja wao pale, wakajifunza kweli, wakarudi na moto, kiwanda chao cha Van Nuys hukohuko California wakajaribu kuiga wakafunga na kamba zao, ila supavaiza bado bonasi yake inahesabiwa kwa idadi ya gari zinazotoka, sasa nani atafurahi ukimvutia kamba? Spea mbovu kutoka kwa wauzaji nazo zikaendelea kuja vilevile. Van Nuys ikafungwa 1992. Na wakati huohuo bosi wao mkuu Roger Smith anamwaga mabilioni kwenye maroboti.

Toyota yeye alichokuja kusoma alikisoma fasta. Mwaka 1988 akaanza kutoa Camry kwenye kiwanda chake mwenyewe Georgetown, Kentucky, hana mbia. Kwa maoni yangu ile ni ada ya shule ya bei rahisi mno.

Kuhusu kufilisika, hapo tusiwaonee, GM baadaye ubora wao ulipanda, ila walichelewa, na walibeba mzigo wa pensheni na matibabu ya wastaafu wakati Toyota kule Marekani bado ana wafanyakazi vijana. Juni 2009 wakaomba kinga ya mahakama dhidi ya wanaowadai na kujitoa NUMMI, Toyota akafunga Aprili 2010, na mwezi uliofuata Tesla, yule wa magari ya umeme, akakubaliana kulichukua lile eneo kwa dola milioni 42, bei ambayo mpaka leo nikiiangalia nacheka.

SWALI: Je na BYD wa China, yule wa magari ya umeme, atapita njia hiyohiyo? – Msomaji, Tanga

JIBU: Ya kujenga kwa wateja, ndio, tayari. Ulaya ilimwongezea ushuru wa asilimia 17 Oktoba 2024 juu ya ule wa 10 wa kawaida, na kiwanda chake Szeged, Hungaria, alishakitangaza tangu mwisho wa 2023, kule Brazili nako kachukua eneo la Camaçari lililokuwa la Ford. Ya kutafuta mbia wa kumfundisha sidhani, huyu alianza 1995 na betri, gari zikaja 2003, na betri bado anatengeneza mwenyewe, kwa hiyo akishusha bei mwenzake anayenunua betri kwa watu ndo anaumia kwanza. Mi ningekuwa bosi wa kampuni ya Ulaya ningeomba yeye ndo aje anifundishe.