Zebaki Katika Migebuka

Swali: Mhariri, ninauza migebuka Kibirizi, Kigoma. Je, kukausha samaki huondoa zebaki, ile metali yenye sumu, na maabara huipimaje?

Jibu: Ndugu msomaji, kukausha hakuiondoi, hata kwa moto, kwa kuwa zebaki hushikamana na protini ya nyama, tena samaki mkavu, akiisha kupoteza maji, huwa na kiasi kikubwa zaidi kwa kila kilo. Maabara husaga mnofu, huuyeyusha kwa asidi ya nitriki yenye moto, kisha hugeuza zebaki kuwa mvuke na kupima mwanga unaofyonzwa na mvuke huo, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 253.7. Nakusihi usichanganye sampuli za migebuka na za dagaa, maana zebaki hulimbikizana zaidi katika samaki walao wenzao, kama migebuka, na wastani wa mchanganyiko ungeficha hatari inayomkabili mama mjamzito.