Alijiita daktari wa jeshi, mimi nikajiita wa miaka 27

SWALI: Assalaam alaykum ustadh. Nauza mitumba hapa Memorial, Moshi. Mwaka jana nilijuana Facebook na mwanaume aliyesema ni daktari wa jeshi, yuko Kongo kulinda amani. Tuliongea miezi minne, akaniahidi ndoa. Kisha akasema kanitumia mzigo, umekwama uwanja wa ndege Dar, nilipie ushuru. Nikatoa mtaji wangu, Sh 640,000. Wakati natuma likatokea jina la mwanamke. Akasema huyo ni wakala wa forodha. Hadi leo hapatikani, na zile picha nimezikuta kwa mtu mwingine kabisa. Kaka yangu anasema hilo si kosa, ni ujinga wangu. Je, kidini, serikali ipige marufuku watu kudanganya jina na sura kwenye mapenzi ya mtandaoni? Na nisikufiche: mimi nilimwambia nina miaka 27, ninayo 35, na mwanangu sikumtaja.

JIBU: Wa alaykum salaam warahmatullah. Dada yangu, nianze na kaka yako, maana kakosea mara mbili. Aliyesahau kufunga mlango akaibiwa, kaibiwa. Uzembe wake haumhalalishii mwizi hata senti. Tena sheria ipo. Kujipatia mali kwa udanganyifu ni kosa la jinai katika Kanuni ya Adhabu, kifungo chake kinafika miaka 7, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamgusa anayejifanya mtu mwingine kwa kutumia kompyuta au simu. Na kabla ya sheria hizo, Qur'an imeshakataza watu kuliana mali kwa batili (An-Nisaa, 29).

Kwa hiyo kuhusu huyo "daktari" sina maneno mengi. Ni mwizi aliyevaa koti la uchumba.

Ugumu uko kwenye sentensi yako ya mwisho, na Allah akulipe kwa kuiandika. Tukisema kila anayedanganya mtandaoni akamatwe, na wewe utakuwa kwenye foleni. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni kwenye rundo la chakula, akaingiza mkono, vidole vikakuta unyevu. Muuzaji akasema, ni mvua. Akamwambia: kwa nini hukukiweka juu watu wakakiona? Anayeghushi si katika mimi. Hadithi hii kaipokea Imamu Muslim. Wewe unafungua belo kila wiki, unalijua lile lenye nguo kali juu na matambara katikati. Miaka 27 ilikuwa ile nguo ya juu.

Lakini dhambi na jinai si kitu kimoja. Kuna Hadithi ya mnyama aliyefungwa chuchu siku kadhaa ili aonekane ana maziwa mengi. Mnunuzi alipewa hiari ndani ya siku tatu: abaki naye, au amrudishe pamoja na pishi ya tende. Humo hakutajwa muuzaji kuchapwa wala kufungwa. Aliyedanganywa alipewa njia ya kutoka. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu huku tunaifuata, wakaenda njia hiyohiyo kwenye ndoa: sifa iliyowekwa sharti ikikutwa si kweli, aliyehadaika ana hiari ya kuvunja, kwa masharti waliyoyaeleza.

Rai yangu basi ni hii. Uongo uliokula mali, au uliotumia sura ya mtu mwingine aliye hai, dola iushike. Uongo wa umri na wa kuficha mtoto ni haramu, unahitaji toba, na ukifika kwenye posa unampa mwenzio haki ya kurudi nyuma. Polisi sitawaita kwa hilo. Tukiwaita, mahabusu hazitatosha, na watakaofungwa mwanzo ni wanyonge kama wewe. Matapeli wenyewe watakuwa wameshabadilisha laini.

Imesimuliwa kwamba Khalifa Umar bin Khattab (r.a.) aliletewa mtu amtolee mwenzie ushahidi. Akamuuliza: wewe ni jirani yake? Hapana. Umesafiri naye? Hapana. Umefanya naye biashara ya dinari na dirhamu? Hapana. Akamwambia, basi humjui. Miezi minne ya meseji, dada yangu, haina hata moja kati ya hayo matatu. Biashara mliyofanya ilikuwa moja tu, na siku hiyohiyo jina lilikataa kwenye simu. Kama una walii, yaani msimamizi wako wa ndoa, na kaka yako huyo mkali anaweza kuwa yeye, kazi yake ni kumtafuta mtu kwao kabla ya uchumba, badala ya kukucheka baadaye.

Sasa nenda polisi na meseji zote pamoja na ile ya muamala. Usifute kitu kwa aibu. Namba yake itume kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu. Laini husajiliwa kwa alama za vidole, kwa hiyo pa kuanzia papo, hata kama kidole kitakuwa cha mtu aliyetumiwa. Fedha kurudi sikuahidi.

Na umri kwenye ukurasa wako ubadilishe leo, uandike 35. Akija mwingine, jina la mwanao alisikie siku ya kwanza.

Wallahu a'lam.