Benki kuu hupitishaje riba yake sokoni?

Swali: Benki kuu ikitangaza riba mpya, bei ya benki kukopeshana kwa usiku mmoja hubadilika karibu papo hapo, ingawa hakuna amri inayozilazimisha. Inafanyaje? Na inapouza hati za deni, fedha zinazokusanywa huwekwa wapi?

Jibu: Kila benki ina akaunti benki kuu, na malipo baina ya benki hukamilika kwa kuhamisha salio kati ya akaunti hizo. Salio hilo ndilo akiba, na benki kuu pekee ndiyo inayoweza kuizalisha au kuifuta.

Benki yenye ziada huweza kuiacha benki kuu ikapata riba ya amana. Iliyopungukiwa hukopa hapo hapo kwa riba ya juu zaidi, ikiweka dhamana. Nani atamkopesha mwenzake kwa chini ya anacholipwa na benki kuu? Bei ya soko hubanwa kati ya kingo hizo mbili. Zikisogezwa, nayo husogea.

Kinachochosha ni kazi ya kila siku. Kampuni zikilipa kodi, fedha hutoka kwenye benki na kuingia akaunti ya serikali, ambayo kwa kawaida iko benki kuu. Akiba hupungua bila uamuzi wowote wa sera. Wateja wakitoa noti kwa wingi ni vivyo hivyo, maana benki hulipia noti hizo kwa akiba. Kwa hiyo wataalamu hukadiria mapema ukwasi, yaani akiba iliyopo kwenye benki, kisha hukopesha kwa repo (mkopo mfupi ambapo mkopaji huuza hati kwa ahadi ya kuzinunua tena) au huuza hati kunyonya ziada. Na hati zikiuzwa, fedha haziwekwi popote: salio la mnunuzi hukatwa, basi, zimetoweka.

Nikiri kwamba ukingo wa juu huvuja. Septemba 2019 nchini Marekani, malipo ya kodi na ya kununua dhamana mpya za serikali (hati za deni lake) yaligongana. Riba ya repo ya usiku mmoja ikapita 5%, ilhali lengo la Fed, benki kuu ya huko, lilikuwa kati ya 2% na 2.25%. Akiba ilikuwepo, zaidi ya dola trilioni 1, lakini waliokuwa nayo hawakuiachia. Baadhi ya wakopaji hawakuwa benki, hivyo mlango wa Fed wa kukopea haukuwahusu. Na benki zenyewe huona haya kuubisha, zisidhaniwe zimekwama. Fed ililazimika kuingiza fedha kwa repo, na Julai 2021 ikatangaza dirisha la kudumu la repo, lililo wazi pia kwa madalali wakuu wa dhamana za serikali.