Desemba tunajaa, Agosti hatupo

Mmeuliza wiki hii, mkoa wako watu wanaongezeka au wanapungua, na wewe mwenyewe unaliona wapi hilo. Mi nipo Kilimanjaro, upande wa Marangu huku juu mgombani, na nitajibu hivi, kwenye karatasi tunaongezeka kidogo kidogo ila huku juu ukitembea kwa miguu utaona tunapungua, na sababu kubwa ni ardhi. Hizo za kwamba Mchaga anapenda hela ndo maana kajaa Kariakoo ni utani tu wa watani zetu.

Namba zenyewe ni hizi. Sensa ya 2012 mkoa ulikuwa na watu 1,640,087, ya 2022 ikatoa 1,861,934. Yaani miaka kumi tumeongeza laki mbili na ushee tu, kama asilimia 1.3 kwa mwaka, wakati nchi nzima ilikuwa inakwenda kwa asilimia 3.2 na ikatoka milioni 44.9 mpaka 61.7. Sasa chukua Katavi, nayo mkoa wa vijijini kama sisi, ilikuwa na watu 564,604 mwaka 2012, miaka kumi baadae ikawa na 1,152,958, imeongezeka mara mbili! Kule ardhi bado ipo, wafugaji wanashuka na ng'ombe zao kutoka Usukumani, wakulima wa mahindi na mpunga wanafuata, na huko wanakofika wanazaa kama watu wenye pa kuwaweka watoto. Huku kwetu pa kuwaweka hamna.

Kwa msiojua, kihamba ni shamba la ukoo lililozunguka nyumba, migomba juu, kahawa chini yake, magimbi pembeni, na ng'ombe mmoja wawili wa ndani. Kimila mtoto wa kwanza wa kiume anakatiwa chake, kitinda mimba anabaki na nyumba ya baba, wa katikati wanatafutiwa kwingine, na wasichana walikuwa hawahesabiwi kabisa (sheria ya ardhi ya vijiji ya 1999 imewapa haki sawa ila nendeni kwenye vikao vya ukoo mkasikilize wenyewe). Sasa ukikata kihamba cha babu kwa wanae, af wanae wakate tena, unafika mahali mtu anapewa kipande cha kujenga nyumba na kaburi tu. Zamani waliokosa walisukumwa tambarare kule chini, nako kukajaa. Na kahawa ndo ilikuwa inasomesha, KNCU, ushirika wetu wa wakulima wa kahawa, upo tangu 1933, ila baada ya mfumo wa dunia wa kugawana mauzo ya kahawa kuvunjika 1989 bei ilianguka na watu wengi wakaacha mibuni izeeke, wengine waling'oa wakapanda migomba mitupu, siku hizi parachichi. Kwa hiyo mzee alikuwa na mawili, ampe mtoto ardhi ambayo hana au ampe shule. Akampa shule, na mtoto aliyesoma, kilimo cha nusu ekari hakimrudishi.

Kingine ambacho watu hawapendi kukisema ni kwamba hata tuliobaki hatuzai kama zamani. Wastani wa nchi kwa utafiti wa 2022 ni watoto 4.8 kwa mwanamke, huku tuko chini ya hapo, wasichana wanakaa shule muda mrefu, wanaolewa wakubwa, na mama mwenye watoto watatu akikwambia wanatosha hata mama mkwe hasemi kitu siku hizi maana ada anaijua.

Halafu kuna ule utani kwamba Desemba Wachaga wanaenda kuhesabiwa. Uzuri wa utani huu ni kwamba ukweli wake upo kinyume! Sensa ilihesabu waliolala kwenye kaya usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022, na Agosti huku ni baridi na ukimya. Karani na kishikwambi chake anafika kwenye nyumba ya ghorofa, geti la maana, vigae vya kung'aa, anakuta bibi mmoja na kijana wa kazi aliyetoka mkoa mwingine kuja kukata majani ya ng'ombe. Basi kaya hiyo watu wawili. Njoo tarehe 24 Desemba nyumba hiyohiyo ina watu ishirini, maji ya bomba yanakatika, barabara ya kwenda kanisani foleni kama Ubungo, na mbege, pombe yetu ya ndizi, hainunuliki. Januari wiki ya kwanza wameshaondoka. Mipango ya serikali inafuata Agosti, na sio kosa lao, ndo inavyotakiwa, ila mtu wa maji angefanya vizuri kukumbuka na Desemba.

Kinachokua ni kule chini barabarani, Himo, Bomang'ombe, pembeni ya Moshi mjini. Vijana wasiofika Dar wanaishia hapo kwenye bodaboda na vibanda vya miamala. Ndo maana nasema jumla ya mkoa inadanganya kidogo, inachanganya huku juu panapokauka na kule chini panapofurika.

Mimi kinachonikera ni mazungumzo yetu ya maendeleo bado ni madarasa, madarasa. Kuna shule ya msingi hapa jirani nilisoma tukibanana wanne dawati moja, leo mtoto anakaa peke yake na dawati linabaki, na hela ya uendeshaji inakuja kwa kichwa cha mwanafunzi kwa hiyo watoto wakipungua hela inapungua ila paa linalovuja ni lilelile. Wakati huohuo wazee ndo wameongezeka. Sera inasema wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo atibiwe bure, sawa, ila bibi wa miaka 80 anashukaje bonde na kupanda kilima kingine kufuata dawa za presha, na zikiwa zimeisha siku hiyo arudi tena kesho? Mwanae yupo Mbezi anatuma hela kwenye simu, hela inafika, mtu wa kwenda kuitoa ndo hayupo. Michango ya kijiji mwaka huu ningeipeleka kwa mhudumu wa afya mwenye pikipiki anayepita nyumba kwa nyumba, darasa jipya lisubiri, na nilishalisema hilo kwenye mkutano wa kijiji nikapigiwa makofi na watu ambao karibu wote wana mvi.